Seva Isipoonekana Mtandaoni, Anza na Taa

Mtu akikupigia simu na kusema "mfumo umegoma", bado hajataja tatizo. Ametaja matokeo: kazi imesimama. Nyuma ya maneno hayo mawili panaweza kuwa na waya uliochomoka, swichi iliyokosa umeme, seva iliyozimika, anwani mbili zilizogongana, au faiba iliyokatwa na greda mamia ya kilomita kutoka hapo ulipo.

Nawaandikia wanaotunza seva mahali ambapo fundi mwingine hayuko jirani: Afisa TEHAMA mwenye vituo vingi na pikipiki moja, mwalimu wa sekondari aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta kwa sababu yeye ndiye anayezijua, mtunza kumbukumbu wa kituo cha afya. Nawafikiria hasa walioko Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, ukanda wa Lukole na Benaco, hadi mipakani Rusumo na Kabanga. Kambi ya wakimbizi ya Lukole ilipokuwa hai, eneo hili lilikuwa na mashirika mengi, magari yenye antena ndefu za redio, na mafundi wa mashirika hayo. Kambi ilifungwa mwaka 2008 na shughuli zile zikaisha nayo. Leo seva ikipoteza mawasiliano katika kituo kilichoko huko ndani vijijini, kumleta fundi kutoka Mwanza au Bukoba ni safari ya kutwa, na kabla ya safari kuna barua, kibali na posho. Aliyepo ndiye fundi.

Neno langu kwa aliyepo ni hili: usifungue mipangilio ya seva kabla hujajua kwa hakika kama waya unashika. Nimeona seva zikiharibiwa na watu waliokuja kuzitengeneza kwa nia njema. Katika kituo kimoja waya ulikuwa umelegea nyuma ya swichi. Wa kwanza akabadilisha anwani ya IP, haikusaidia. Akazima fayawoli, haikusaidia. Akaondoa kabisa mpangilio wa kadi ya mtandao na kuuandika upya. Kesho yake mwingine akausukuma ule waya ukaingia sawasawa, taa ikawaka, lakini seva haikuonekana, kwa sababu sasa ilikuwa na anwani isiyo yake. Hitilafu ya dakika moja ikawa kazi ya siku kadhaa, na wagonjwa muda wote huo wanaandikwa kwenye daftari.

Kabla hata hujainama nyuma ya seva, jiulize ni nani hasa asiyeipata. Vituo vingi vya afya vya umma vilivyofungiwa GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali na vituo vya afya, vilipewa seva ndani ya jengo. Kompyuta ya mapokezi, ya maabara, ya chumba cha dawa na ya dirisha la malipo huzungumza nayo kupitia swichi, bila kutoka nje ya uzio. Penye mpangilio huo, intaneti ikikatika mgonjwa bado anasajiliwa. Kinachokwama ni kile kinachohitaji kwenda nje, kama uhakiki wa bima. Mtandao wa ndani na intaneti ni vitu viwili, na nusu ya simu za kulalamikia seva zingepungua kama watumiaji wangefundishwa tofauti hiyo siku ya kwanza.

Mfano uko karibu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku kama hiyo kukrimpa upya waya wa seva ni kujichosha bure. Ngara inapitiwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda kwenye mipaka miwili, Rusumo upande wa Rwanda na Kabanga upande wa Burundi, lakini hata mkongo huo ukiwa mzima hauwezi kukuokoa na waya wa mita mbili uliokatika ndani ya chumba chako. Kwa hiyo nenda kwenye kompyuta mbili zilizo vyumba tofauti, andika ping ukifuatisha anwani ya seva. Zote mbili zikikosa jibu, tatizo liko kwenye seva, waya wake au swichi. Ikikosa moja tu, iache seva kama ilivyo na uifuate ile kompyuta. Zingatia pia kwamba seva nyingine zimewekewa fayawoli isiyojibu ping kabisa. Jaribu siku seva ikiwa nzima ili ujue tabia yake.

Sasa inama. Karibu kila tundu la mtandao nyuma ya seva lina taa mbili ndogo. Moja huwaka kuonyesha kwamba upande wa pili kuna kifaa kilicho hai. Nyingine humetameta data inapopita. Taa hizi zinaweza kusomwa na mtu yeyote, hata asiyejua kompyuta, na ndiyo maana ninazipenda. Mazungumzo ya simu yenye manufaa huwa mafupi hivi:

"Dada, nenda nyuma ya seva, uangalie ule waya wa mtandao."

"Umechomekwa, kaka, uko vizuri tu."

"Sawa. Pembeni ya tundu, taa zinawaka?"

"Hamna. Zote zimezima."

"Haya, uchomoe, uuingize tena mpaka usikie mlio. Halafu niambie."

Ule mlio mdogo ni wa kilimi cha plastiki kilicho juu ya kichwa cha waya. Kikivunjika, na huvunjika upesi kwa waya unaochomolewa mara kwa mara, kichwa hukaa kama kimeingia kumbe kimerudi nyuma milimita moja. Mwenye kufagia akiugusa, mawasiliano yanakatika. Akiugusa tena, yanarudi. Tatizo la kuja na kwenda la namna hii limewafanya watu waamini kwamba seva ina virusi.

Angalia pia tundu lenyewe ni lipi. Seva halisi, si kompyuta ya mezani iliyopewa kazi ya seva, mara nyingi huwa na matundu mawili au manne ya kawaida na moja la pembeni la usimamizi: kwa seva za HP linaitwa iLO, kwa za Dell iDRAC. Tundu hilo lina kompyuta yake ndogo ndani na anwani yake. Ukichomeka waya wa mtandao humo, taa inawaka vizuri, swichi inaonyesha uhai, na bado hakuna anayeipata programu. Hutokea baada ya seva kuhamishwa chumba au kufagiliwa vumbi, kwa sababu aliyeirudisha alikuta tundu wazi akalitumia. Bandika kipande cha karatasi juu ya tundu sahihi leo, ukiwa umetulia.

Ikiwa taa haiwaki, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza hamisha upande wa swichi, uweke waya kwenye tundu ambalo unajua linafanya kazi. Haikuwaka, leta waya mwingine mfupi ambao umetoka kutumika kwenye kompyuta nzima. Haikuwaka bado, chukua kompyuta mpakato, uichomeke kwenye waya uleule wa seva. Ikipata mtandao, waya na swichi ni wazima na macho yarudi kwenye kadi ya seva. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mtandao ukarudi, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na kile kibovu kitarudi kabatini kingoje kukusumbua tena.

Waya wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya ganda kuna nyuzi nane katika jozi nne. Kwa mpangilio unaotumika karibu kote hapa nchini, ukikishika kichwa kilimi kikiwa chini na matundu ya nyuzi yakikuelekea, rangi kuanzia kushoto ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa la kawaida la wanaojifunza ni kuweka kijani karibu na nyeupe-kijani kwa sababu kunapendeza macho. Testa ya bei ndogo itawasha taa nane kwa mfuatano, kwa kuwa pande zote mbili zimekosewa kwa namna moja, lakini jozi zimevunjwa: uzi wa tatu na wa sita hausokotani tena. Waya wa kipande kifupi utavumilia. Waya mrefu utapoteza data, na seva itakuwa nzito bila sababu inayoonekana.

Tazama pia ganda linapoingia kwenye kichwa. Likiwa limeishia nje, nyuzi zikionekana uchi, kila mvuto unazivuta nyuzi zenyewe, na moja itakatika. Na uzi mmoja ukikatika si lazima mawasiliano yafe. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Kasi ya gigabiti hutaka zote nne. Waya uliokatika jozi ya kahawia utaonekana mzima, taa itawaka, lakini seva inaweza kushuka hadi megabiti 100, au ikawa inashika na kuachia. Kwenye Linux, andika ethtool ukifuatisha jina la kadi, usome mstari wa kasi na ule wa "Link detected". Kwenye Windows kasi ipo kwenye dirisha la hali ya kadi ya mtandao. Ukiona 100 mahali palipokuwa na 1000, shika testa.

Kuhusu ununuzi, nina msimamo mkali. Madukani kuna waya wa bei nafuu ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukwangue uzi kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, usiununue kwa ajili ya seva. Aluminiamu hukatika ikikunjwa mara chache, na hupoteza nguvu ya ishara kwa umbali mfupi kuliko shaba. Na hata shaba safi kikomo chake ni mita 100 kutoka swichi hadi kifaa. Kituo kilichojengwa majengo yametawanyika, kama vingi vyetu vilivyo, hufikisha mita hizo haraka kuliko unavyodhani, hasa waya ukizungushwa darini.

Darini ndiko waliko panya. Waya uliotafunwa huwa na alama ya meno na unga mweupe wa ganda chini yake. Usiunge kwa gundi ya umeme. Vuta mpya, upitishe kwenye bomba la plastiki.

Swichi nayo isisahaulike. Nimekuta vyumba ambavyo seva imewekewa UPS nzuri huku swichi ikiwa imechomekwa ukutani moja kwa moja. Umeme ukiyumba kidogo, seva inabaki hai lakini imebaki peke yake, na aliye chumba kingine anasema seva imezimika. Iweke swichi kwenye UPS ileile; haili umeme mwingi. Angalia pia adapta yake: ikichoka, taa za swichi bado huwaka lakini swichi hujizima na kujiwasha, hasa kompyuta zote zikiwa kazini. Na ukiona taa zote za swichi zinameta kwa pamoja, kwa kasi, bila kupumzika, tafuta waya ambao ncha zake zote mbili zimeingia kwenye swichi moja, au swichi mbili zilizounganishwa kwa nyaya mbili. Data inazunguka humo bila kutoka, mpaka mtandao wote unakwama. Chomoa mmoja mmoja ukitazama taa. Ukiuchomoa wenye kosa, taa zitatulia papo hapo.

Sasa radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na hapa Kagera hakuna anayehitaji kuambiwa. Kinachosahaulika ni kwamba waya wa mtandao wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine ni njia ya radi. Haihitaji kuupiga. Ikipiga mti au ardhi jirani, umeme mkubwa huzuka ndani ya waya mrefu, na ardhi ya jengo hili na ya jengo lile hazilingani nguvu kwa sekunde ile. Viwango vya Ethaneti hutaka tundu la mtandao listahimili volti 1500. Radi ya karibu hupita hapo bila shida. Matokeo yake unayajua: asubuhi baada ya mvua, swichi imekufa matundu mawili, seva imekufa tundu lake, kompyuta ya maabara haiwaki kabisa. UPS haikusaidia kwa sababu radi haikupita kwenye umeme, ilipita kwenye data.

Dawa yake ni faiba kati ya majengo. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Kipande cha faiba na vibadilishi viwili vya mwisho wake si bei ya kutisha tena, na kwa kituo chenye seva naona ni wajibu. Usipoweza, weka vizuia-radi vya waya wa mtandao pande zote mbili, ukiviunganisha na nguzo ya ardhi iliyozikwa kweli, si kwenye msumari wa ukutani. Wingu likishajikusanya, chomoa waya unaotoka nje mapema. Ngurumo zikianza, usiushike kabisa: Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita katika shule ya msingi mkoani Geita, wakiwa ndani ya darasa.

Tundu la seva lililopigwa radi wakati mwingine hudanganya: linawaka taa, ila data haipiti, au hesabu ya makosa inapanda kila ukitazama kwa ethtool -S. Usipigane nalo. Nunua kadi ya kuchomeka ndani ya seva. Lakini hapo ndipo wengi hukwama mara ya pili. Linux hulipa kila tundu jina kulingana na mahali lilipo. Tundu la zamani liliitwa labda eno1, kadi mpya itaitwa enp3s0 au mfano wake, na faili la mipangilio bado linataja eno1. Andika ip link uone jina jipya, ulirekebishe kwenye faili. Kwenye Ubuntu tumia netplan try badala ya netplan apply: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mpangilio wa zamani hurudi wenyewe. Kwa anayefanya kazi akiwa mbali na seva, sekunde hizo zimeokoa safari nyingi.

Waya ukishika na kasi ikiwa sahihi, ndipo uende kwenye anwani. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kifaa kiliomba anwani kikakosa wa kukipa. Seva iwe na anwani ya kudumu, na anwani hiyo iwe nje ya zile ambazo ruta inagawa. Vinginevyo ipo siku ruta itampa mtu mwingine anwani hiyo. Dalili za anwani kugongana ni za kuudhi: mapokezi wanaipata seva, maabara hawaipati, baada ya nusu saa inakuwa kinyume. Kuna jaribio rahisi. Chomoa waya wa seva, kisha kutoka kompyuta nyingine piga ping kwa anwani ya seva. Ikijibiwa huku seva haina waya, kuna kifaa kingine kimejitwalia anwani hiyo. Amri ya arp -a itakuonyesha namba ya kadi yake, nawe utafute mpaka ukipate. Mara nyingi ni printa au simu ya mtu.

Uliza pia nani ameleta ruta ndogo kutoka nyumbani ili apate Wi-Fi ofisini. Akiichomeka vibaya itaanza kugawa anwani zake kwa kila mtu, na kompyuta zote zitahama mtaa huku seva imebaki palepale. Mwambie kwa heshima aichomoe.

Mengine ni mafupi. Ping ikijibu lakini programu haifunguki, mtandao hauna kosa. Programu haijawashwa au fayawoli imeifungia, na ss -tlnp itakuambia kama kuna anayesikiliza. Namba ikifunguka lakini jina halifunguki, kosa liko kwenye DNS, inayogeuza majina kuwa anwani.

Weka daftari chumbani, si kwenye kompyuta ambayo nayo inaweza kugoma. Andika anwani ya seva, ya ruta, jina la kadi, tundu gani la swichi linakwenda wapi, kasi ya kawaida, na kila ulichobadilisha pamoja na tarehe. Anayekuja baada yako atahamishwa kutoka wilaya nyingine bila kukabidhiwa chochote ila funguo.

Na kwenu waganga wafawidhi na wakuu wa shule wa Ngara na Biharamulo: jiandaeni kabla ya mvua, mnapopanga bajeti. Wekeni testa moja, koleo la kukrimpia na vichwa vyake, kadi moja ya mtandao ya akiba, na swichi ndogo ya akiba. Vyote kwa pamoja ni bei ndogo kuliko nauli na posho ya safari moja ya fundi kutoka Mwanza.